Nahamia Dar es Salaam na sina gari: nipange mtaa gani?

SWALI

Ndugu mshauri, salamu. Mimi ni mchoraji wa picha za vitabu vya watoto, nina umri wa miaka 31, na nimepata kazi kwa mchapishaji mmoja mwenye ofisi karibu na Posta jijini Dar es Salaam. Natarajia kuhamia huko mwezi wa tatu nikitokea Mwanza. Hapa nimepanga Isamilo, na kwa miaka sita nimekuwa nikishuka mlimani kwa miguu kwenda kazini na kupanda kwa miguu jioni. Sina gari na sina hamu ya kuwa nalo. Mwisho wa wiki hutengeneza batiki, na hupenda kuwa karibu na watu wanaochora, wanaochonga au wanaopiga muziki. Dada yangu aliyeolewa Tabata ananicheka, anasema Dar hatembei kwa miguu ila aliyekosa nauli. Rafiki yangu mmoja ananiambia nitafute Masaki kwa sababu ndiko yaliko maduka ya picha, na mwingine ananisukuma Mikocheni kwa sababu ya kituo cha wasanii cha Nafasi Art Space. Je, upo mtaa mmoja ambao nitaweza kutembea na papo hapo nikawa karibu na wasanii? Na je, ni salama kwa mwanamke kurudi nyumbani kwa miguu jioni?

N., Mwanza

JIBU

Dada N., nianze na dada yako wa Tabata, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na jiji hilo limetanuka kwa kuzifuata barabara zake kuu, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, kiasi kwamba mtu anaweza kukaa saa mbili ndani ya daladala akiwa bado yumo jijini. Hata hivyo wanaotembea ni wengi mno, wengi kuliko wenye magari, isipokuwa wanatembea kwenda kituoni na kutoka kituoni, pembezoni mwa mtaro, wakiwapisha bodaboda. Wewe huulizi matembezi ya namna hiyo. Unauliza kama kuna mahali ambapo maisha yenyewe, kwa maana ya kazi, soko, chai ya jioni na maonyesho ya picha, yamo ndani ya mwendo wa miguu.

Mtaa mmoja unaotimiza yote mawili kwa ukamilifu haupo Dar, na rafiki zako wote wawili wanakuelekeza uanze na sanaa kisha utafute pa kutembea. Mimi ningeanza na miguu. Sababu yangu ni kwamba katika jiji hili sanaa huhama, lakini barabara haihami. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ambayo watu wa rika langu tulidhani itakuwapo milele pale pembeni mwa Upanga, leo huwezi tena kwenda kununua picha wala kutazama wachoraji wakifanya kazi. Nafasi Art Space ilianzishwa mwaka 2008, nayo haikuwekwa kwenye barabara nzuri yenye miti. Iliwekwa katika eneo la viwanda vidogo vya Mikocheni, kati ya maghala na karakana, na wasanii wake wakapewa makontena ya mizigo yaliyokatwa madirisha wayafanye vyumba vya kazi. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, maana msanii hufuata eneo lenye nafasi na kodi anayoimudu, na mara nyingi eneo hilo ni lile ambalo hakuna mwingine aliyelitaka. Ukipanga nyumba kwa kumfuata, utajikuta unaishi kando ya ghala, na kesho yeye amehama.

Hebu tuutazame mfano wa Tingatinga, kwa kuwa wewe ni mchoraji. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia vyuma na baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari. Picha zilikuwa zikiuzwa nje ya duka la Morogoro Stores kule Oysterbay, jirani na Masaki. Zilipelekwa huko kwa sababu wanunuzi, wengi wao wageni, ndiko walikokuwa wakija kununua mboga na mikate. Wachoraji wenyewe walikuwa wakiishi uswahilini. Yeye alifariki mwaka 1972, wafuasi wake wakaendelea palepale, na ushirika wao uliundwa rasmi mwaka 1990. Ukienda leo utawakuta wamekaa kwenye vigoda vya chini, makopo ya rangi yamepangwa miguuni, mmoja anapaka anga kwa brashi pana, mwingine anasubiri anga likauke ili atie madoa ya chui. Mtu aliyepanga Masaki ili aishi na wasanii anaishi na wateja wa wasanii. Simdharau, ila ni vyema ulijue hilo kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

Kwa hali yako, kwa kuwa ofisi ipo Posta, mimi ningekuambia Upanga, na nitaeleza kwa urefu kwa nini.

Upanga ipo nyuma tu ya katikati ya jiji. Ukitoka, tuseme, maeneo ya ukumbi wa Diamond Jubilee, ukakata mitaa ya ndani hadi Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukavuka mbele ya Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967, kisha ukaufuata Mtaa wa Maktaba, utafika Posta kwa muda wa nusu saa au pungufu, kutegemea na hatua zako. Wewe uliyezoea mlima wa Isamilo hutaliona jambo, kwa sababu njia yote ni tambarare. Mitaa ya Upanga ilipimwa, inakutana kwa pembe zinazoeleweka, na haijapoteza miti yake yote, ijapokuwa kila mwaka ghorofa jipya linapoinuka mwarobaini mmoja au miwili hupotea. Kuna nyumba za ghorofa tatu au nne za zamani zenye roshani zinazotazama barabarani, na roshani hizo ni muhimu kuliko unavyofikiri, maana mtaa unaotazamwa na akina mama wanaoanika nguo ni mtaa wenye macho. Kuna duka la vitu vidogo vidogo kila kona, kuna fundi viatu chini ya mti, kuna mama anayekaanga mihogo saa za kutoka shule, kwa sababu shule za Azania, Jangwani na Tambaza zote zimo humo, na wanafunzi hao ndio wanaoufanya mtaa uwe hai mchana.

Sasa upande wa sanaa. Kituo cha utamaduni cha Wajerumani, Goethe-Institut, kipo Upanga. Alliance Française, cha Wafaransa, kipo kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na vyote viwili huwa na maonyesho ya picha, filamu na muziki ambayo mara nyingi hayana kiingilio au yana kiingilio kidogo. Ukivuka kuelekea baharini unafika Mtaa wa Shaaban Robert, uliopewa jina la yule mshairi, na humo ndimo ilimo Makumbusho ya Taifa pamoja na Nyumba ya Utamaduni yenye ukumbi wa maonyesho. Bustani ya mimea ipo jirani, na ni mojawapo ya mahali pachache katikati ya jiji ambapo unaweza kukaa na daftari la kuchorea bila kuulizwa unasubiri nani. Ukielekea upande wa Kisutu unakutana na kile ambacho kwangu mimi ndicho chuo cha mchoraji, nacho ni majengo ya Uhindini ya zamani katika Mtaa wa India, Mtaa wa Jamhuri na vichochoro vya karibu na mahekalu, yenye tarehe na majina ya wenye nyumba yaliyochongwa juu ya milango, kunguru wakiwa wamejipanga kwenye nyaya kana kwamba wamelipwa. Na tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, mtu wa Upanga anaweza kutoka Sea View, akapita juu ya bahari kwenye njia ya waenda kwa miguu, akateremkia upande wa Coco Beach na kuendelea hadi kwa wachoraji wa Tingatinga. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja, lakini kwa Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kupanda, sijui matembezi mengine ya mjini Dar yanayoushinda.

Upanga ina kasoro zake, nami sitazificha. Kodi ni kubwa kuliko uliyoizoea Isamilo, na nyumba nzima huenda ikawa juu ya mshahara wako. Watu wa hali yetu hugawana nyumba ya ghorofa na mwenzao, au hutafuta vyumba vya uani nyuma ya nyumba za zamani. Njia za waenda kwa miguu zipo, ila katika mitaa kadhaa zimegeuzwa kuwa maegesho, hivyo utajikuta unateremka barabarani na kupanda tena. Ghorofa linapojengwa jirani utakula vumbi mwaka mzima, na batiki inayokauka nje utailaani.

Masaki nimekwishagusia. Nitaongeza jambo moja tu, kwamba wenyeji huisifu kwa barabara pana na miti, na sifa hizo ni za kweli, lakini matembezi ya Masaki ni matembezi ya kando ya ukuta. Ukuta, geti, mlinzi, ukuta tena. Unaweza kutembea dakika kumi na tano bila kupita mahali pa kununua nyanya. Na kutoka huko hadi Posta kila asubuhi utapanda gari utake usitake.

Mikocheni ni swali gumu zaidi, kwa sababu rafiki yako hajakosea kuhusu Nafasi. Ndipo utakapopata wenzako, na ningependa uende huko hata kila mwisho wa wiki. Ila kwenda ni tofauti na kuhamia. Sehemu za Mikocheni zipo chini na hujaa maji wakati wa masika, na jirani zao wa Msasani wana mahali panapoitwa Bonde la Mpunga. Wazee hawakutoa majina hayo kwa mzaha. Ukisikia mahali panaitwa bonde, jangwa au mto, kwanza tazama kuta za nyumba kama zina mstari wa maji, kisha ndipo uulize bei.

Ikiwa kodi ya Upanga itakushinda kabisa, chaguo langu la pili si Masaki wala Mikocheni, bali Kijitonyama, upande wa karibu na kituo cha Makumbusho. Kijitonyama, sawa na Sinza, iligawiwa kwa viwanja vilivyopimwa, kwa hiyo mitaa yake ina mpangilio na huhitaji kupita uani kwa watu ili ufike barabarani. Kijiji cha Makumbusho kipo hapo, kikiwa na nyumba za asili za makabila mbalimbali na ngoma za mchana. Kuelekea Mwenge kuna wachonga vinyago, na hao hawauzi tu. Wanachonga mbele yako, tezo inaangukia kwenye mpingo kwa mlio mkavu, na chini pametapakaa vipande vyeusi na vyeupe, kwa sababu mpingo ni mweusi katikati tu na ganda lake la nje ni la rangi ya maziwa. Mimi niliishi Kijitonyama miaka mitatu na sikujuta, ila kazini nilikuwa nikienda kwa gari la abiria, na wewe utafanya hivyo hivyo. Ukitembea hadi kituo cha Morocco utapanda basi la mwendokasi na kushuka Kivukoni au Posta ya Zamani. Huduma hiyo ilianza mwaka 2016, na barabara zake zilikuja na njia za waenda kwa miguu ambazo ni pana kuliko nyingi jijini. Saa za kazi jiandae kusimama, tena kwa kubanwa.

Unahamia mwezi wa tatu, na hilo watu watakuonea huruma, lakini mimi naliona kuwa ni bahati, kwa sababu masika huanza na mvua husema ukweli ambao dalali hasemi. Usilipe chochote katika wiki ya kwanza. Lala kwa dada yako Tabata, mvumilie maneno yake, na kila siku nenda ukatembee katika mtaa unaoutaka kwa saa tatu tofauti: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa saba mchana jua likiwa utosini, na saa mbili usiku. Asubuhi utaona wanaoelekea kazini wanapita wapi, nawe fuata njia yao, maana wenyeji wanajua mtaro upi umefunikwa na upi haujafunikwa. Mchana hesabu vivuli; Dar si Mwanza, hewa ya bahari ina unyevu, na mtaa usio na kivuli ni mtaa ambao utauacha ndani ya mwezi mmoja na kuanza kupanda bajaji. Usiku tazama taa, na zaidi ya taa tazama kama kuna watu waliokaa nje.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la usalama. Wanawake wengi hutembea Upanga na Kijitonyama jioni, hadi saa mbili au tatu, katika barabara zenye maduka yaliyo wazi. Tatizo linalolalamikiwa zaidi ni la wanyakuzi wa mikoba wanaopita na pikipiki, hivyo tembea ukielekea magari yanakotoka ili uyaone, mkoba ukiwa bega la upande wa ukuta, na simu usiishike mkononi pembezoni mwa barabara. Maeneo ya maofisi kati ya Posta na bustani hutulia sana baada ya saa kumi na mbili jioni; ukichelewa kwenye maonyesho ya upande huo, rudi kwa bajaji bila kuona aibu. Ukishapanga, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe, na mjue mjumbe wako kwa jina. Huo si urasimu mtupu, kwa kuwa mlinzi, muuza duka na mjumbe wakishakujua, kwa kweli unatembea na watu watatu.

Kuhusu dalali nitakuwa mfupi. Atataka kodi ya mwezi mmoja kuwa malipo yake, na wengine hudai fedha ya kukuzungusha. Mimi mwenyewe niliwahi kuonyeshwa chumba "dakika tano kutoka kituoni", na dakika hizo zilikuwa za pikipiki. Tembea naye kwa miguu kutoka kituoni hadi mlangoni, ukiwa na saa mkononi. Akikataa, umekwishapata jibu.

SWALI

Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tanga, nataka kuhamia Unguja nijifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na muziki wa taarabu. Nimeona Mji Mkongwe hauna magari vichochoroni na una sanaa kila mlango. Je, si ndio mahali pa kupanga?

S., Tanga

JIBU

Marahaba. Kwa kutembea, hakuna mji wa kuushindanisha nao katika pwani yetu, ingawa vespa na pikipiki zitakubana ukutani mara kwa mara. Na shabaha yako ni nzuri, kwa maana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya watu kama wewe. Ila Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo nyumba nyingi zimegeuka hoteli na maduka ya wageni. Zile zilizobaki za kupanga kwa bei nafuu ni zile ambazo wenyewe hawakuzikarabati. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zinabebwa na boriti za mikoko, na chokaa ikishanywa mvua miaka mingi bila kutengenezwa, chumba hunuka unyevu na nyuzi za kanuni hazitakaa sawa hata siku moja.

Tafuta chumba Kikwajuni. Utafika Mji Mkongwe kwa miguu kwa robo saa kupitia Mnazi Mmoja, utakula kwa bei ya wenyeji, na jioni utasikia Kiswahili zaidi ya Kiitaliano. Usihamie mwezi wa pili, kwa sababu tamasha la Sauti za Busara hujaza mji na wenye vyumba hukumbuka kupandisha bei. Njoo mwezi wa sita au wa saba, mvua kubwa zikiwa zimepita, na kabla hujatoa fedha bonyeza ukuta wa nyuma ya kitanda kwa kiganja. Mkono ukitoka na chokaa yenye majimaji, mshukuru mwenye nyumba na uende nyumba ya pili.